Pengo la Kidole

Kazi yangu mwaka wa sabini na sita
ilikuwa kuziba.
Si bomba, si paa. Kuziba mwanga.
Mzee Vrajlal alinilipa shilingi tatu kwa usiku
nisimame kando ya mashine, juu kule kwenye kijumba cha joto,
na kila Mzungu alipofika kifungo cha tatu
niweke mkono mbele ya lenzi.

Cha kwanza, ruhusa.
Cha pili, kohoa.
Cha tatu: "Adagala! Mkono!"

Filamu zilishuka Kisumu kwa treni,
ndani ya mikebe inayonuka siki,
zimekwisha kupita chini ya mkasi wa serikali.
Lakini mkasi nao husinzia baada ya chakula cha mchana,
na ulichosahau mkasi niliachiwa mimi.

Hadithi ilikuwa moja, ikibadilisha kofia:
fundi wa Kiitaliano, mke wa mwoka mikate, kabati;
Mjerumani wa kaptura ya ngozi, ngazi, dirisha, ng'ombe;
padri anayetafuta miwani mahali pasipokaa miwani.
Mtu aliingia kwa mlango, akatoka kwa dirisha,
suruali ikamfuata baadaye, peke yake.
Midomo ilisema Kijerumani,
sauti ikatoka kwa Kiingereza,
sisi tukacheka kwa Kijaluo.

"Hawa watu hawana kazi?"
Nashon Obuya huyo, kuli wa bandarini, safu ya mbele.
"Hakuna anayelima. Hakuna anayefua.
Na ng'ombe yule, nani anamkama?"
Basi ukumbi mzima ukaingiwa na wasiwasi wa ng'ombe.
Kiwele kimejaa, mwenyewe yumo kabatini!
"Mkameni kwanza," mama mmoja akapaza sauti,
"halafu muendelee!"

Sasa nikwambie habari ya mkono wenyewe.
Kidole cha kati nilikiacha Miwani,
kwenye kinu cha sukari, kabla sijajua sinema ni nini.
Kwa hiyo kivuli changu pale ukutani, kikubwa kama nyumba,
kilikuwa na pengo.
Ndani ya pengo palipita utepe wa mwanga:
nusu ya bega, goti, kisigino kinachokimbia.
Watu mia mbili wakainama kushoto kwa pamoja
kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa ziwa,
na tiketi zikaisha kila Ijumaa.

Usiku mmoja Mzee alikuwa arusini Eldoret.
Kifungo cha tatu kikafika.
Nikauacha mkono mfukoni.

Hakuna aliyecheka.
Mwanamke yule alisimama kwenye theluji, mtupu kama yai,
akitabasamu alivyoagizwa,
na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama kwa baridi.
Ilionekana wazi, mpaka safu ya nyuma.
Alikuwa kazini.
Alikuwa anangoja saa ya kutoka, kama mimi,
kama Obuya chini ya gunia la saruji.
Mtu akakohoa. Kiti kikalia.
Kisha Obuya, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo:
"We kijana. Rudisha mkono."

Nikaurudisha.
Sikuziba safari ile. Nilimfunika,
vile unavyomtupia mtu leso
akitoka mtoni na wageni wamepita.
Wakaanza kucheka tena, taratibu, kama injini ya asubuhi.

Ukumbi siku hizi unauza magodoro.
Juzi sokoni Kibuye bibi mmoja, meno mawili,
alikuwa akinipimia omena kwa gorogoro.
Nikanyoosha mkono nipokee chenji.
Akaushika. Akaugeuza juu chini.
Akapitisha kidole chake palipokosekana changu,
akaangua kicheko mpaka omena zikamwagika.

"Ni wewe!" akasema.
Kisha akanong'ona, uso umekaza kweli kweli:
"Hebu niambie, wewe uliyekuwa juu.
Yule ng'ombe, mwishowe alikamwa?"

Sijui, mama.
Nilikuwa nimeziba.